Sindano ya Chuma kwa Watoto wa Nguruwe: Chembe Nano za Madini na Mwili wa Mnyama

Sindano ya madini ya chuma wanayochomwa watoto wa nguruwe katika siku zao za mwanzo ni mojawapo ya njia kongwe na zilizoenea zaidi duniani za kuingiza chembe nano za madini katika mwili wa mfugo. Kimiminika chake cha kahawia iliyokolea si chumvi ya chuma iliyoyeyushwa majini. Ni mkusanyiko wa vipande vidogo mno vya oksidi ya chuma, kila kimoja kikiwa kimevikwa sukari ya mnyororo mrefu iitwayo dekstrani.

Suala hili linaihusu Morogoro moja kwa moja. Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru katika Wilaya ya Mvomero, inajulikana kwa mbogamboga na matunda, na kaya nyingi hufuga nguruwe na mbuzi kando ya mashamba hayo. Chini ya milima, mjini, kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho hufundisha madaktari wa mifugo wa nchi nzima. Mfugaji wa eneo hili anaweza kusikia kauli tatu zinazogongana kuhusu sindano hiyo. Ya kwanza inasema kila mtoto wa nguruwe achomwe bila kukosa. Ya pili inasema udongo mwekundu wa milimani una chuma cha kutosha, hivyo sindano ni kupoteza fedha. Ya tatu, iliyopata nguvu tangu habari za teknolojia ya nano zilipoanza kusambaa, inasema chembe za madini zikiingizwa mwilini hubaki kwenye ini na kuleta saratani.

Kila kauli ina ukweli ndani yake. Mkanganyiko unatokea pale ukweli wa madini moja, kipimo kimoja au mnyama mmoja unapohamishiwa kwa mwingine bila kuangalia tofauti zao.

Chembe nano ni nini, na kwa nini chuma hutengenezwa hivyo

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe huitwa nano ikiwa ukubwa wake uko kati ya nanomita 1 na 100. Kiini cha chembe ya chuma na dekstrani kina upana wa nanomita chache tu, na hata pamoja na koti lake la sukari haivuki makumi machache. Madini yaliyomo kwenye kiini ni ya jamii ileile inayoupa udongo wa kitropiki rangi yake nyekundu au ya njano.

Umbo hilo lilibuniwa kwa sababu chuma kisichofungwa ni hatari. Chumvi ya kawaida ya chuma ikichomwa kwenye msuli huunguza nyama, kisha huingia kwenye damu kwa kasi kuliko uwezo wa transferini, protini inayobeba chuma. Chuma kinachobaki bila mbebaji huchochea utengenezaji wa molekuli kali zinazochanachana kuta za seli. Koti la dekstrani hukizuia chuma hicho mpaka kifikie seli zinazoweza kukifungua polepole. Mwili wenyewe hufanya kazi inayofanana na hiyo: protini iitwayo feritini huhifadhi oksidi ya chuma ndani ya ganda lenye upana wa nanomita 12 hivi. Kwa maana hiyo, chembe nano ya chuma si kitu kigeni kabisa kwa mnyama.

Upungufu wenyewe ulitambuliwa kabla dawa haijapatikana. Mwaka 1923, huko Scotland, watafiti McGowan na Crichton walieleza kwamba watoto wa nguruwe waliofungiwa ndani walikuwa wanakufa kwa kukosa chuma. Tiba za kumeza zilitumika kwa miongo mitatu, mpaka chuma cha dekstrani kilipotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950.

Kwa nini mtoto wa nguruwe huishiwa damu

Mtoto wa nguruwe wa mbegu za kisasa huzaliwa akiwa na takriban miligramu 50 za chuma mwilini. Kwa kukua kwake anahitaji miligramu 7 hivi kila siku. Maziwa ya mama humpa karibu miligramu 1 tu. Pengo la miligramu 6 kwa siku linatosha kumaliza akiba ya kuzaliwa ndani ya siku nane au pungufu, kwa kuwa si akiba yote inayoweza kutumika. Hadi siku ya 28 pengo hilo linafikia miligramu 168. Hapo ndipo kilipotoka kipimo cha miligramu 200 kinachopendekezwa kwa kawaida.

Kasi ya kukua ndiyo chanzo kikuu cha tatizo. Uzito wa kuzaliwa huongezeka maradufu ndani ya wiki moja hivi, na damu lazima iongezeke pamoja nao. Kumpa mama chuma zaidi hakusaidii sana, kwa sababu kondo la nyuma na kiwele huruhusu kiasi kidogo tu kipite. Kinachoongezeka ni chuma kwenye kinyesi cha mama, ambacho watoto hukilamba wakiwa bandani.

Himoglobini ikishuka chini ya gramu 80 kwa lita ya damu, mnyama anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Ngozi na ufizi hupauka, manyoya husimama, pumzi huenda mbio, na kuhara au homa ya mapafu humuua kwa urahisi. Wengine hufa ghafla wakionekana wanene, hasa wale waliokuwa wakikua haraka kuliko wenzao.

Safari ya chembe kutoka kwenye msuli

Baada ya sindano, chembe haziingii kwenye damu moja kwa moja. Nyingi hukusanywa na mishipa ya limfu, na sehemu kubwa huondoka kwenye msuli ndani ya saa 72. Kiasi kinachobaki huweza kuchukua wiki kadhaa, na hilo ndilo husababisha rangi ya kahawia kwenye nyama ya mahali palipochomwa.

Zikishafika kwenye damu, chembe humezwa na seli walinzi zilizomo kwenye ini, bandama na uboho. Ndani ya seli hizo koti la dekstrani huvunjwa na chuma hutolewa. Sehemu yake hubebwa na transferini hadi kwenye uboho kutengeneza himoglobini. Nyingine huhifadhiwa ndani ya feritini. Na kinachozidi sana hugeuka kuwa himosiderini, mabaki ya kahawia yanayoonekana kwa darubini kwenye vipande vya ini. Hivyo ini lenye chembe za chuma baada ya sindano si lazima liwe ini lililoumia. Dalili za kuumia ni seli zilizokufa, makovu, na vimeng'enya vya ini vilivyomwagika kwenye damu.

Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chuma kilichoingia kwa sindano kimepita mlango wa utumbo, mahali pekee ambapo mwili hudhibiti kiasi kinachoingia. Faida ya sindano na hatari yake zinatokana na jambo hilohilo.

Hoja ya kwanza: kila mtoto achomwe

Nguvu ya hoja hii ni uhakika. Sindano moja katika siku ya tatu au ya nne inaziba pengo lote hadi watoto waanze kula chakula kigumu. Kila mmoja anapata kipimo kinachojulikana, hata yule dhaifu anayesukumwa pembeni na ndugu zake. Kwa mfugaji mwenye jike mmoja au wawili, kuokoa watoto wawili kati ya kumi kunaweza kuamua kama mwaka huo ufugaji umelipa ada ya shule au la.

Udhaifu wake ni kwamba kipimo hicho ni kikubwa. Mtoto wa siku tatu ana uzito wa kilo 2 au chini, kwa hiyo anapokea miligramu 100 au zaidi kwa kila kilo. Mtu mzima ana karibu miligramu 50 kwa kilo katika mwili wake wote. Mwaka 2010 watafiti wa Poland walionyesha kwamba mzigo huo wa mara moja huamsha homoni iitwayo hepsidini, inayofunga ufyonzaji wa chuma kwenye utumbo na kukizuia ndani ya seli za akiba. Walipogawanya vipimo vidogo kwa nyakati tofauti, watoto walipata himoglobini ya kuridhisha kwa mzigo mdogo zaidi wa chuma. Hata hivyo, kuchoma mara mbili kunamaanisha kuwashika watoto mara mbili, kazi mara mbili na hatari ya usafi mara mbili.

Pia kuna suala la sindano yenyewe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na huua karibu kila mnyama inapopiga kwa ukali. Virusi vyake vinaweza kuhamia kwenye damu kupitia sindano iliyotumika banda moja na kupelekwa banda jingine. Mtoa huduma anayezunguka kijijini na sindano moja anaweza kuleta maafa makubwa kuliko upungufu wa damu aliokuja kuuzuia.

Hoja ya pili: udongo unatosha

Hoja hii ina msingi wa kihistoria na wa kimaumbile. Nguruwe mwitu hachomwi sindano, naye haishiwi damu. Watoto wake huchimba ardhi, hula mizizi na wadudu, na hukua polepole. Nguruwe wa kienyeji wanaozurura huishi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Udongo wenye asilimia 5 ya chuma una miligramu 50 kwa kila gramu, kiasi kinachozidi mahitaji ya siku saba kwa hesabu ya karatasi.

Lakini kuwamo kwenye udongo si sawa na kufyonzwa na utumbo. Chuma cha udongo mwekundu kimo katika oksidi ngumu ambazo huyeyuka kwa shida tumboni, na kinachofika kwenye damu ni sehemu ndogo tu. Matokeo hutofautiana kutoka udongo hadi udongo. Mazingira ya Uluguru nayo yana masharti yake: kwenye miteremko iliyopandwa kabichi, karoti, njegere na viazi, nguruwe hawezi kuachwa azurure, kwa hiyo udongo huletwa bandani kwa ndoo au haufiki kabisa. Penye sakafu ya saruji au mbao zilizoinuliwa, mtoto wa nguruwe hana ardhi ya kuchimba.

Hatari ya pili ni vijidudu. Udongo uliochotwa karibu na makazi unaweza kuwa na mayai ya minyoo mikubwa ya nguruwe, na pale ambapo watu hujisaidia vichakani unaweza kuwa na mayai ya tegu. Nguruwe akimeza mayai hayo hupata malengelenge kwenye misuli. Binadamu hupata tegu kwa kula nyama hiyo isiyoiva vizuri, na kutokana na mayai yanayotoka kwa mwenye tegu, mtu anaweza kupata malengelenge kwenye ubongo na kifafa. Udongo unaofaa kutumika ni ule uliochimbwa chini, mbali na vyoo na mapito ya mifugo.

Njia ya kati ni chuma cha kumeza. Kinafanya kazi, lakini kinahitaji kurudiwa. Kikitolewa mapema mno kisiwe kisingizio cha kumchelewesha mtoto kunyonya dang'a, ambayo ndiyo inayompa kinga ya siku za mwanzo.

Hoja ya tatu: madini ya kuchomwa ni sumu

Hoja hii isidharauliwe, kwa kuwa ina ushahidi wa maabara. Mwaka 1959 mtafiti Richmond alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya panya waliopata saratani ya nyama mahali walipochomwa chuma cha dekstrani mara nyingi kwa vipimo vikubwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka chuma cha dekstrani katika kundi 2B, yaani vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani kwa binadamu, likitegemea hasa ushahidi wa wanyama.

Mwaka 1962 watafiti wa Sweden walieleza hatari nyingine, ambayo mfugaji anaweza kuishuhudia ndani ya siku moja. Watoto waliozaliwa na mama mwenye upungufu wa vitamini E hawawezi kuvumilia kipimo cha kawaida. Bila vitamini E na seleniamu, chuma huharibu kuta za seli za misuli, potasiamu humwagika kwenye damu, na moyo husimama. Jike anayelishwa pumba na mabaki ya jikoni bila mchanganyiko wa madini na vitamini yuko karibu na hatari hiyo. Aidha, bakteria wanahitaji chuma ili kuzaana. Mtoto anayeumwa tayari akichomwa chuma kingi huenda akawalisha adui zake.

Udhaifu wa hoja hii ni kutotofautisha vipimo na maisha. Panya wale walichomwa mfululizo kwa viwango ambavyo haviwiani na sindano moja ya nguruwe. Chuma cha sindano hiyo kinatumiwa kutengeneza damu katika wiki za ukuaji wa haraka, na akiba hupungua kadiri mwili unavyoongezeka. Nguruwe anapochinjwa baada ya miezi kadhaa, chuma kilichomo kwenye nyama yake ni cha kawaida. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hizi huruhusiwa bila siku za kusubiri. Mlaji wa nguruwe ana sababu kubwa zaidi ya kuhofia malengelenge ya tegu kuliko mabaki ya sindano hii.

Alumini, dhahabu na fedha

Habari zinazotisha kuhusu chembe nano mara nyingi hazihusu chuma. Alumini imetumika kwenye chanjo tangu mtafiti Glenny alipoonyesha mwaka 1926 kwamba huongeza nguvu ya kinga, na hadi leo imo katika chanjo nyingi za mifugo. Chembe zake huvuta seli za kinga hadi mahali pa sindano, na zinaweza kuacha kinundu kigumu kwa wiki au miezi. Kwa paka, tangu 1991 imeripotiwa saratani adimu ya mahali pa chanjo, inayohusishwa na uvimbe wa muda mrefu. Kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe, madhara yanayoonekana zaidi ni kinundu na uvimbe, na faida ya kuzuia magonjwa kama chambavu inazidi hasara hiyo kwa mbali.

Dhahabu na fedha ni suala jingine. Wanyama hawana kazi ya kibiolojia kwa madini haya wala vimeng'enya vya kuyavunja. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba chembe za dhahabu za nanomita 10, zikiingizwa kwenye mishipa ya panya, zilisambaa katika viungo vingi kuliko zile za nanomita 50, 100 na 250, ambazo zilipatikana hasa kwenye damu, ini na bandama. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta dhahabu kwenye ini la panya ikiwa imepungua kwa asilimia 9 tu baada ya miezi sita. Figo huchuja chembe ndogo kuliko nanomita 5 au 6. Kubwa zaidi hukwama kwenye seli walinzi. Fedha huongeza tatizo la pili: huachia ayoni zinazoua bakteria na pia kuumiza seli za mnyama.

Funzo kali zaidi lilitoka kwa binadamu. Thorotrast, kimiminika cha chembe za oksidi ya thoriamu, kilichomwa kwa wagonjwa kuanzia miaka ya 1930 ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Thoriamu ilikaa kwenye ini maisha yote, na kwa kuwa ina mnururisho, ilisababisha saratani za ini miongo kadhaa baadaye. Chembe isiyotoka wala kuvunjwa hubeba tabia zake zote kwa muda wote inaobaki.

Kupima hoja

Maswali manne hutenganisha hofu yenye msingi na ile isiyo na msingi. Je, mwili una kazi na madini hayo? Je, unaweza kuifungua chembe na kutumia kilichomo? Kipimo ni kikubwa kiasi gani kwa kila kilo ya uzito? Na asipochomwa, mnyama atapata nini?

Chuma cha dekstrani kinajibu vizuri maswali mawili ya kwanza na la nne, na kinahitaji uangalifu kwenye la tatu. Alumini ya chanjo haina kazi mwilini, lakini kipimo ni kidogo na ugonjwa unaozuiwa ni mkubwa. Fedha na dhahabu hazijibu vizuri maswali mawili ya kwanza, na kwa mfugo hakuna hitaji la dharura linalozilazimisha. Kuzitumia kwa mifugo nje ya utafiti unaosimamiwa hakuna sababu ya kutosha.

Kwa upande wa nguruwe, uamuzi unategemea banda na mbegu. Watoto wa mbegu zinazokua haraka, waliofungiwa kwenye saruji au mbao, wanahitaji sindano. Watoto wa kienyeji wanaokua polepole na kufikia ardhi safi wana pengo dogo zaidi, na kwao kipimo kidogo au chuma cha kumeza kinaweza kutosha. Kipimo cha himoglobini kwa watoto wachache wa siku ya 20 kingemaliza ubishi kijijini haraka kuliko maneno, na SUA iko karibu na inao wataalamu wa kufanya kazi hiyo kwa nguruwe na udongo wa Uluguru wenyewe.

Muhtasari

Chembe nano za madini hazina hukumu moja. Chuma kilichovikwa dekstrani humezwa na ini, bandama na uboho, hufunguliwa na kugeuzwa damu. Kikizidi, au mama akikosa vitamini E na seleniamu, huua. Udongo mwekundu husaidia lakini hautegemewi peke yake bandani, na ukiwa mchafu huleta minyoo. Saratani ya panya ilitokana na vipimo vikubwa vilivyorudiwa, wala haifuti faida ya sindano moja. Madini yasiyo na kazi mwilini, kama fedha na dhahabu, yanastahili tahadhari kubwa zaidi.

Mfugaji anayeamua kuchoma afanye hivyo siku ya tatu au ya nne, shingoni badala ya pajani, mara moja, kwa watoto wenye afya. Asome chupa kwanza: zipo zenye miligramu 100 kwa mililita na zenye 200, na kuzichanganya ni kuzidisha au kupunguza kipimo mara mbili. Sindano isitoke banda moja kwenda jingine, na jike apewe madini na vitamini kabla ya kuzaa. Masharti hayo yakifuatwa, sindano ya chuma ni dawa inayostahili kuaminiwa. Yakipuuzwa, lawama isielekezwe kwenye madini.